Kubadilisha Rejeta Nyumbani: Anza Gari Likiwa Baridi



Ndugu msomaji, katika mkono wangu wa kulia lipo kovu nililolipata katika mlima wa kutoka Mombo kwenda Lushoto. Miaka mingi iliyopita tulikuwa tukipanda kwenda kumzika mzee wetu. Gari lilikuwa limejaa watu, jua lilikuwa kali, na kabla hatujafika nusu ya mlima gari likachemsha. Kwa kuwa maziko hayasubiri, nikatwaa kitambaa na kufungua mfuniko wa rejeta papo hapo. Maji na mvuke vikaruka hadi kwenye kiwiko. Maziko tuliyakosa, na wanangu waliokuwa ndani ya gari walimwona baba yao akilia barabarani.

Kovu hilo nimelikumbuka mwezi uliopita, pale rejeta ya gari letu la familia, Toyota Noah lililokwisha kula chumvi nyingi, ilipoanza kuvuja. Tulikuwa tumerudi kutoka Pangani baada ya Isha, na kijana wangu akaona maji yakidondoka chini ya gari. Akaniambia, "Baba, rejeta mpya si tunayo? Tufungue sasa hivi." Nikamwonesha mkono wangu, nikamwambia, "Mwanangu, tutaifungua baada ya Alfajiri, in shaa Allah."

Inafaa kila mwenye gari aielewe sababu. Mfuniko wa rejeta huyafungia maji ndani kwa mgandamizo, na kwa hiyo katika magari mengi maji hayo yanaweza kufikia nyuzi joto 115 au zaidi bila kuchemka. Mfuniko ukifunguliwa, mgandamizo hutoweka na maji hugeuka mvuke mara moja, yakamrukia aliyefungua. Kitambaa hakizuii jambo hilo. Gari lililotoka safari huhitaji saa kadhaa kupoa, na likilala usiku kucha ndiyo salama zaidi.

Asubuhi tuliegesha gari mahali tambarare, tukavuta breki ya mkono na kuweka mawe kwenye matairi. Kisha tukafungua waya hasi wa betri, maana feni ya umeme huweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, na vidole vikawa hatarini. Tukaweka beseni chini, tukafungua kizibo cha chini cha rejeta na kuacha maji yatoke yote. Tukaachia klipu za mpira wa juu na wa chini, tukachomoa plagi za feni, tukaondoa feni pamoja na kava yake. Magari mengi ya giaboksi ya otomatiki yana mirija miwili myembamba inayopitisha oili ya giaboksi ndani ya rejeta. Hiyo tuliifungua kwa uangalifu, tukaiziba, na oili iliyomwagika tukaipima ili tuirudishe kwa kiasi kilekile. Mwisho tukafungua vishikizo vya juu na kuinua rejeta.

Kabla ya kufunga mpya, tuliziweka zote mbili kando kwa kando: urefu, midomo ya mipira, matundu ya boliti. Mipira iliyopasuka na klipu zilizoliwa na kutu tulizibadilisha papo hapo, kwa sababu rejeta mpya yenye mpira mbovu itamwaga maji vilevile.

Rejeta ile ya zamani ilikuwa somo. Kwa nje, hewa ya chumvi ya pwani yetu ilikuwa imeyala mapezi yake hadi yakapukutika kwa kuguswa. Kwa ndani ilikuwa na kutu na magamba, na kosa hilo ni langu, kwani kwa miaka nilikuwa nikitia maji ya kisima. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi. Hata maji ya bomba ya Bwawa la Mabayani, tunayonywa na kutawadhia, yana madini yanayoganda ndani ya mirija. Kinachotakiwa ni kulanti inayolingana na gari lako, iliyochanganywa na maji yaliyokenekwa, yaani yaliyoondolewa madini. Wengi hudhani kulanti ni ya nchi za baridi, ilhali nayo huzuia kutu na huchelewesha maji kuchemka.

Baada ya kufunga kila kitu na kurudisha waya wa betri, tulijaza kulanti polepole na kuwasha injini mfuniko ukiwa wazi tangu mwanzo, huku hita ikiwa kwenye joto, ili hewa itoke. Mapovu yalipokwisha tukaongeza, tukafunga mfuniko, kisha tukaiacha injini iendelee mpaka feni ilipoanza kuzunguka, macho yetu yakiwa kwenye geji na kila kiungo. Kesho yake, gari likiwa baridi, tulikagua kimo tena.

Jambo moja nusura litupite. Tulipokuwa tumeinama kwenye injini, binti yetu mdogo alikuwa amechuchumaa kando ya beseni akitaka kutia kidole. Kulanti nyingi zina ethilini glikoli, sumu yenye ladha tamu inayoharibu figo. Huwavuta watoto, paka na mbuzi. Ukimshuku mtoto kuwa ameinywa, mpeleke hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima. Usiimwage mtaroni, kwani mto, bahari na mifugo ya jirani vitadhurika. Ifunge kwenye dumu, liandike, liweke mbali na watoto, kisha uliza gereji inayokusanya oili chafu kama itaipokea. Na aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta.

Zipo dalili zinazotaka fundi. Oili ikifanana na chai ya maziwa, au mapovu yasipokoma ndani ya rejeta, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Mabomba ya gesi ya kiyoyozi nayo usiyafungue.

Kazi yote ilituchukua asubuhi nzima, tukamaliza kabla ya Adhuhuri. Wiki iliyofuata tulipanda Lushoto na geji haikusogea. Kijana ndiye aliyeshika usukani. Tulipofika, mjomba wake akataka kufungua boneti aongeze maji. Kijana akamzuia kwa adabu: "Mjomba, tafadhali, tuliache lipoe kwanza."

Wabillaahi tawfiiq. Tukutane wiki ijayo, in shaa Allah.