DRIPU YA CHUMA: TUAMBIWE KABLA YA SINDANO

Ndugu Wafanyakazi,

Neno langu leo si la mshahara, lakini ni la mwili ule ule unaoutafuta mshahara.

Wenzetu wengi wakionekana wamepungukiwa na damu huandikiwa dripu ya madini ya chuma. Na wake zetu walio wajawazito au waliojifungua ni vivyo hivyo. Huandikiwa hasa vidonge vikiwashinda, au damu ikiwa imepungua mno na muda ni mfupi. Dawa hii ni njema. Nalisema hili mapema, maana wako watu wa porojo za kantini wanaoeneza kwamba ni sumu. Hao wanatupoteza. Upungufu wa damu ukiachwa huua, na zaidi huua kina mama siku ya kuzaa.

Ugomvi wangu ni juu ya kimya. Mfanyakazi aingia, alazwa, atiwa sindano, kisha aambiwa alipe aende zake. Akiuliza, "Dawa hii ina madhara gani?" ajibiwa, "Kwani wewe ni daktari?" Hilo si jibu. Gadi akiuliza kama breki zimejaribiwa, hakuna dereva anayemwambia, "Kwani wewe ni dereva?" Treni haiondoki kabla breki hazijajaribiwa. Je, mwili wa mtu ni duni kuliko behewa la simenti?

Basi, yampasayo mtu kuambiwa ni haya:

1. Madhara madogo. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, ladha ya chuma mdomoni, uso kuwaka moto. Pengine siku ya pili homa hupanda, viungo na misuli huuma. Kwa kawaida huisha yenyewe baada ya siku chache.

2. Doa. Sindano ikitoka mshipani, dawa huvuja chini ya ngozi na kuacha doa la kahawia. Doa hilo laweza kukaa miezi mingi, hata lisitoke kabisa. Ukisikia maumivu au ukiona uvimbe, sema papo hapo ili dripu isimamishwe.

3. Hatari kubwa. Mwili waweza kuikataa dawa kwa ghafula: pumzi hubana, midomo huvimba, ngozi huwasha, presha hushuka, mtu huzimia. Kwa dawa za sasa jambo hili ni nadra sana, kuliko ile dawa ya zamani ya dekstrani nzito. Lakini likitokea mahali pasipo na adrenalini wala mtu aliyefunzwa, mtu aweza kufa kwa dakika chache. Tena aliyetiwa mara ya kwanza akatoka salama asidhani amekwisha vuka. Laweza kumpata mara ya pili. Kwa sababu hiyo mwaka 2013 shirika la dawa la Umoja wa Ulaya liliagiza kwamba mgonjwa aangaliwe kwa muda usiopungua dakika 30 baada ya dripu, penye vifaa vya kuokoa maisha. Liliagiza pia kwamba miezi mitatu ya kwanza ya mimba dripu hii isitumike.

4. Fosfeti kushuka. Iko dawa moja iitwayo feriki kaboksimaltosi, ambayo hupendwa kwa kuwa gramu nzima hutiwa kwa robo saa tu. Dawa hiyo yaweza kushusha madini ya fosfeti katika damu. Mtu huchoka, misuli hulegea. Na akitiwa mara nyingi, mifupa hulainika, huuma, hata kuvunjika. Kipimo cha damu chaweza kuonyesha jambo hili.

Ndugu, tazameni jinsi linavyotugusa. Mwenzetu mmoja wa gengi alitiwa dripu katika zahanati moja. Hakuambiwa neno. Aliondolewa kitandani mara chupa ilipokwisha, kwa kuwa wengine walikuwa wakingoja. Kesho yake homa na maumivu yalimshika, akashindwa kunyanyua nyundo. Nyapara akamwita mvivu, akakatwa siku mbili. Hakuwa na cheti, maana hakuna aliyemwambia kwamba angehitaji. Kimya cha zahanati kikageuka kuwa fimbo mkononi mwa tajiri.

Wala hatuombi hisani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaamuru mgonjwa aelezwe faida na hatari za matibabu, na kwamba ana haki ya kukataa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini si chini ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Haki imeandikwa. Haina miguu ya kuja yenyewe, sharti tuiendee.

Basi twadai haya:

(a) Kila zahanati inayotumiwa na wafanyakazi wetu ieleze madhara kwa Kiswahili kabla ya sindano, na itaje jina la dawa.

(b) Dripu isitiwe mahali pasipo na adrenalini, oksijeni na mtu aliyefunzwa. Dakika 30 zisiibwe.

(c) Anayetiwa tena na tena apimwe fosfeti akilalamika uchovu au mifupa.

(d) Tajiri asimkate mtu aliyeleta cheti.

Nawe mwanachama, fanya sehemu yako. Mwambie daktari ikiwa una pumu, una mzio wa dawa, au una homa siku hiyo. Usiondoke kabla ya nusu saa. Omba cheti. Ukidhurika, taka habari ipelekwe kwa Bodi ya Dawa na Sumu, kisha mwone katibu wa tawi lako.

Mtu mmoja akiuliza, huambiwa ni mjuaji. Tawi zima likiuliza, hujibiwa.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi,
Mfanyakazi wa Reli