Mtoto Akinyamaza, Tusiseme Ana Kiburi

Ndugu msomaji, mtoto wako akishikwa na homa kali usiku wa manane, utafanya nini? Utamwamsha jirani. Nauli ya pikipiki ikikosekana, utakopa. Zamani hapa Bweranyange mgonjwa alibebwa kwa machela na wanaume walipokezana njiani. Hakuna aliyeona haya.

Sasa mfikirie kijana wa miaka 15. Alikuwa mcheshi, alipenda mpira. Siku hizi halali vizuri. Chakula hakimalizi. Anajitenga huko migombani. Shuleni ameshuka. Ukimtuma, anajibu kwa hasira au hajibu kabisa. Je, kwa ajili ya huyu umemwamsha jirani? Wengi wetu tunasema, "Ana kiburi," na tunachukua fimbo. Wengine wanasema amerogwa. Wengine wanajua kabisa kuwa anaumwa, lakini wanamficha ndani. Wanaogopa watu watasema ukoo ule una wazimu, na dada zake watakosa wachumba.

Mimi naona haya hiyo inatuumiza kuliko umbali wa hospitali. Nauli hukopwa. Lakini mwenye haya hakopi, maana hataki kuulizwa nauli ni ya nini.

Akili huugua kama mwili unavyougua. Kuhuzunika siku chache baada ya msiba au kufeli mtihani ni jambo la kawaida. Lakini huzuni ikikaa wiki mbili au zaidi, ikamzuia mtoto kula, kulala na kufanya kazi, huenda ni ugonjwa. Wataalamu wanauita sonona. Unatibika. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya vijana 7 wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Hebu hesabu vijana wa kitongoji chako.

Sisi wa Kagera tumekwisha kuyaona haya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Miaka iliyofuata watoto wengi walizika wazazi wao. Walitafutiwa chakula na madaftari, lakini ni wachache walioulizwa habari za moyo. Kule Nshamba, wilaya ya Muleba, ulianza mradi wa Humuliza katika miaka ya mwisho ya 1990. Jina hilo maana yake ni kufariji. Walimu walifundishwa kumsikiliza mtoto mwenye majonzi. Yatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakawa wanakutana na kusaidiana. Hawakungoja daktari kutoka Dar es Salaam.

Basi mzazi, anza nyumbani. Kaa na mtoto mahali pasipo na watu, hata kama mnamenya ndizi. Muulize, kisha nyamaza umsikilize. Usimwambie kuwa ninyi zamani mlivumilia. (Tulivumilia, ndiyo, na wengine wetu hatujapona mpaka leo.) Akisema amechoka kuishi, usimgombeze wala usidhani anatania. Muulize wazi kama anafikiri kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake. Na ile dawa ya kuua wadudu wa mazao uliyoiweka chini ya kitanda, kaifungie mahali pengine siku hiyo hiyo.

Kisha mpeleke zahanati. Usidanganye kuwa ana malaria kwa sababu umewakuta watu unaowajua kwenye benchi. Omba kuzungumza na mganga faraghani, umweleze ulivyoona. Zahanati ikishindwa, itakuandikia barua ya kwenda hospitali. Ukitaka mtoto aombewe, na aombewe, lakini safari ya zahanati isiahirishwe.

Na wewe jirani, ukimwona mama anapita na kijana wake njiani, usimuulize mtoto ana pepo gani. Muulize kama nauli imetosha.