Ukaushaji wa mahindi: Nafuu huanza kabla ya mashine

BEI ya dizeli ilipopita Sh200 kwa lita jijini Nairobi mnamo Septemba 2023, mkulima wa mahindi aliathirika mara mbili: alipolima shamba kwa trekta na alipopeleka mavuno yake kukaushwa kwa mashine.

Katika nyanda za baridi za Kedowa, Kaunti ya Kericho, gharama hii haikwepeki kwa urahisi. Mvua haina msimu mmoja, na mara nyingi mahindi huvunwa yakiwa mabichi. Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) hutaka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Si sharti la bure: mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Swali basi si iwapo mahindi yakaushwe, bali maji kiasi gani yaondolewe kwa mafuta ya kununua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 25 hupoteza karibu kilo 12 za maji hadi kufikia kiwango cha NCPB. Likifika mashineni likiwa na asilimia 20, hupoteza kilo 7 pekee. Kwa kuwa moto hutumika kugeuza maji kuwa mvuke, mzigo wa mashine hupungua kwa takriban asilimia 40.

Viwanda vya majani chai vya Kericho vimezingatia kanuni hiyo kwa miaka mingi. Majani mabichi hunyaushwa kwanza kwa upepo kabla ya kuingizwa kwenye joto kali. Mkulima wa mahindi naye anaweza kuyahifadhi magunzi kwenye ghala linalopitisha hewa, kisha akayapukuchua na kuyaanika juu ya turubai jua linapochomoza. Magunzi matupu nayo ni kuni, mradi moshi usiguse nafaka.

Kukausha kupita kiasi pia ni hasara. Gunia hilo la asilimia 20 likishushwa hadi asilimia 12, mwenyewe hulipia mafuta zaidi na bado hupoteza zaidi ya kilo moja ya uzani wa kuuza. Bila kipima unyevu, hasara hiyo haionekani.

Hata hivyo, mkulima hawezi kulaumiwa peke yake. Mfanyabiashara anayenunua kwa uzani bila kupima unyevu humwadhibu aliyekausha na kumtuza aliyeuza maji.

Mashine za kuhamishika zina manufaa yake, hasa mvua inaponyesha mfululizo. Lakini zikipelekwa vijijini bila vipima unyevu, maturubai na bei inayotofautisha mahindi makavu na mabichi, zitaendelea kuchoma mafuta kufanya kazi ambayo upepo ungeifanya bure.