Lumbesa ni wizi wa mchana kweupe

Gunia la viazi linajaa hadi mdomoni. Badala ya kulishona, mpakiaji anafunga wavu wa kamba juu yake, anapanga viazi vingine mpaka kilemba kinasimama kama nundu ya ng'ombe, kisha anakaza. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa bei ya gunia moja.

Watetezi wake husema hakuna anayedanganywa, maana kila mtu anaona kwa macho yake. Utetezi huo haushiki. Mkulima anaona, ila hana mzani shambani, viazi haviwekeki muda mrefu, na lori likiondoka tupu hajui jingine litakuja lini. Ridhaa ya aliyebanwa haigeuzi dhuluma kuwa biashara.

Wala mlaji wa mjini hafaidiki. Viazi vilevile humfikia kwa kopo la kupimia, sado, lililobonyezwa kitako.

Sheria haijanyamaza. Tanzania ina Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kikomo cha kilo 100 kwa gunia. Kenya iliweka kilo 50 kwa viazi katika kanuni za mwaka 2019. Dini nazo zilitangulia: Mithali inalaani mizani ya hila, na Sura ya 83 ya Kurani imebeba jina la wapunjaji wa vipimo.

Uaminifu hapa hauhitaji mahubiri zaidi, unahitaji mizani. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao. Sehemu ya fedha hiyo inunue mizani kwa kila kituo cha mauzo, na bei itajwe kwa kilo.