Taa ya Breki Si Pambo



Taa nyekundu ya breki ikiwaka, na breki ya mkono imeshaachiwa, dereva huambiwa: "Ongeza mafuta, twende." Sisi tunasema hapana. Mafuta ya breki hayaungui kama petroli. Yakipungua, ama yanavuja, ama pedi zimelika. Kuongeza tu ni kuficha ugonjwa. Tena mafuta hayo hunyonya unyevu. Yakizeeka huchemka upesi kwenye mteremko mrefu, na pedali huzama bure.

Pikapu itokayo Mutoyi kwenda Bujumbura hupita Bugarama, juu ya mita 2,000, kisha huteremka zaidi ya mita 1,000 hadi ziwani. Nyuma wameketi wenzetu.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kifungu cha 13, unataka alindwe mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki. Basi dereva anayekataa kuondoka si mkaidi. Kamati za wafanyakazi zimtetee, na zidai gari lipelekwe kwa fundi kwanza. Pedi hununuliwa dukani. Uhai hauuzwi popote.