Mama Abaki Kwake

Kila mwisho wa mwezi, hapa Hai Amarat, Juba, tunatuma pesa nyumbani na kuona tumetimiza wajibu. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, ilituzoesha hivyo: ujumbe ukiingia, moyo unatulia. Lakini wazazi wetu wanazeeka. Huyu ana presha, yule magoti yanamsumbua, mwingine anapapasa gizani usiku akienda msalani. Ukiwaambia wahamie mjini, wanakataa. Nyumbani ni nyumbani, ingawa pangoni.

Basi tuwasaidie wakae kwao salama. Vifaa vipo, wala si vya ajabu: simu ya kitochi yenye vibonyezo vikubwa, taa ya sola kwenye njia ya choo, kipimo cha presha cha betri.

Mwenzetu mmoja alimpelekea mamake kipimo hicho. Baada ya mwezi alikuta bado kimo ndani ya boksi, juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Hakuna aliyekuwa amekaa na mama kumwonyesha. Akamwomba binti wa jirani amfundishe: apumzike dakika tano, mkono uwe juu ya meza, mkanda juu ya kiwiko, asizungumze. Siku hizi kila Jumapili mama anamsomea mwanawe namba mbili kwenye simu. Jumapili moja alisoma 168 kwa 102; kesho yake asubuhi hazikushuka. Binti yule yule akampeleka zahanati, akaanzishiwa dawa. Leo mama bado analima bustani yake.

Kipimo hakikumpeleka zahanati. Aliyempeleka ni jirani. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, muulize mzee mwenyewe anataka nini, kisha tafuta mtu wa karibu atakayeitika akiitwa. Usimfungie kamera chumbani bila ridhaa yake. Ni mzazi, si mfungwa. Na unapomfundisha kutumia simu, mkazie hili: namba ya siri haambiwi mtu, hata anayejiita mhudumu wa kampuni.

Anayekwenda likizo mwezi huu asiishie kukabidhi zawadi mlangoni. Akae, afundishe, arudie bila kukemea, kama wao walivyotufundisha kufunga kamba za viatu.

Nasi tuliobaki tusisubiri likizo. Tangu Februari 2021 saa za Juba ziko nyuma ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa saa moja. Tukiamka saa kumi na mbili, kwao ni saa moja, chai iko mezani. Mpigie kabla hujatoka kwenda kazini.