Basi Letu, Barabara ya Wengine



Kuna neno moja ambalo wanafunzi wa Kiswahili hapa Rusizi wamelipenda kuliko maneno yote ya mwaka huu, nalo ni "halisi". Viatu ni halisi, simu ni halisi, na sasa michezo ya video ya kuendesha malori na mabasi nayo ni halisi "kabisa". Ukiuliza ushahidi, unajibiwa kwamba hata vibao vya barabarani vimo: rangi ni zile zile, mishale ni ile ile, majina ya miji ni yale yale. Makala haya nayaandika ili kulipinga neno hilo. Sina nia ya kukunyang'anya simu, wala sijiungi na wale wazee wanaoona kila mchezo kuwa ni upotevu. Nasema tu kwamba unaitoa sifa hiyo kwa bei rahisi mno, na kwamba hasara yake utaiona siku utakapokuwa barabarani, kwa miguu yako au nyuma ya usukani.

Kwanza nimpe mpinzani wangu haki yake. Mchezo uitwao Euro Truck Simulator 2, uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya SCS Software ya mjini Prague, umetengenezwa kwa uangalifu ambao waandishi wengi wa riwaya wangeuonea wivu. Ukiwa Ujerumani, vibao vya barabara kuu ni vya buluu; ukiingia Uswisi au Italia vinageuka kuwa vya kijani, kama ilivyo kweli katika nchi hizo. Ukishuka kutoka kwenye feri upande wa Uingereza, unalazimika kuendesha kushoto, na mwendo unahesabiwa kwa maili. Watengenezaji wake walitambua jambo ambalo wengi wetu hatujalifikiria: kibao cha barabarani kina uraia wake. Huko Ujerumani, kwa mfano, kuna kibao cha manjano chenye jina la mji na hakina tarakimu yoyote ya mwendo. Hata hivyo dereva anajua kwamba kuanzia pale haruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Jina la mji lenyewe ndilo sheria. Aliyeona jina tu amekitazama kibao, lakini hajakisoma.

Hapo ndipo ninapokukumbusha somo letu la fasihi. Tulipozungumzia uhalisia, tulikubaliana kwamba mhusika hawi halisi kwa sababu mwandishi ametaja rangi ya shati lake na idadi ya vifungo. Anakuwa halisi pale matendo yake yanapokuwa na matokeo: akikopa, anadaiwa, akidanganya, anampoteza rafiki. Kufanana kwa sura tunakuita mfanano, na mfanano michezo hii inao tele. Uhalisia hupimwa kwa swali jingine: kibao hiki kinamwambia nani, kuhusu nini, na asipokisikiliza kunatokea nini?

Tuuchukue umbali. Ramani ya mchezo ule wa malori imepunguzwa takriban mara 19, kwa sababu hakuna mchezaji ambaye angevumilia kuivuka Ulaya kwa urefu wake wa kweli. Sasa fanya hesabu nami. Barabara kutoka Kigali hadi kwetu, kupitia Huye, Nyamagabe na msitu wa Nyungwe, ni ndefu. Igawe kwa 19, unabaki na kilomita chache tu. Zile kilomita 50 hivi za msituni, tangu Kitabi hadi Gisakura, hazifiki hata 3. Kibao kinachosema kwamba mji uko kilomita 100 mbele yako kinakuwa kimedanganya kwa adabu, maana baada ya dakika chache umefika, hujapiga hata miayo.

Nyungwe hakuna adabu hiyo. Kona hufuatwa na kona, ukungu hushuka mchana kweupe, mvua hulainisha kingo za mlima hadi udongo ukamwagika barabarani, na lori lililopakia saruji kutoka Bugarama hupanda kwa gia ya chini likiwa na msururu wa magari nyuma yake. Kibao cha mteremko hapo kinazungumzia muda. Kinamwambia dereva apunguze gia sasa, kabla hajauona mteremko wenyewe, kwa sababu breki zinazokandamizwa mfululizo hupata moto, na breki zenye moto hazishiki. Mteremko uliofupishwa mara 19 hauwezi kuunguza breki. Unakwisha kabla breki hazijapata joto. Kwa hiyo mchezo unakuonyesha kibao cha mteremko huku umeufuta mteremko.

Ukitaka kujua gharama ya somo hilo, waulize Wakenya kuhusu Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Ni mteremko mrefu ambao kwa miaka mingi madereva wa malori waliushuka wakiwa wameliacha gari lijiendee bila gia ili kuokoa mafuta, hadi breki zikawakatalia. Tarehe 31 Desemba 2017, katika barabara hiyo hiyo, mahali paitwapo Migaa, basi na lori viligongana uso kwa uso na watu 36 wakafa. Sisemi kwamba mchezo wowote ulihusika. Nasema kwamba nchi yenye barabara za namna hiyo haiwezi kumudu vijana wanaodhani kuwa kibao ni pambo la kando ya njia.

Sasa tutazame sarufi, maana mimi ni mwalimu wa lugha na utanisamehe. Kibao cha barabarani ni sentensi, na mara nyingi ni sentensi ya amri: Simama. Punguza mwendo. Usipite. Angalia kiambishi katika "usipite": ni cha nafsi ya pili umoja. Sheria, ambayo kwa kawaida huzungumza na "mtu yeyote" na "kila raia", hapa inakuita wewe peke yako, ana kwa ana, kama mzazi. Na kila amri ya umoja ina mtu wa tatu aliyefichwa ndani yake, yule ambaye amri imetolewa kwa ajili yake. Kibao chenye picha ya watoto wawili kinaongea na dereva, lakini kinawahusu watoto. Katika Euro Truck Simulator kibao hicho nimekiona mara nyingi. Mtoto akivuka sijamwona kamwe. Barabara ya mchezo imefagiwa: hakuna mama mwenye kikapu kichwani, hakuna baiskeli iliyobeba mkungu wa ndizi na abiria juu yake, hakuna wanafunzi wanaotembea wanne wanne ukingoni alfajiri. Dereva akizidisha mwendo anakatwa faini katika fedha za kubuni, kisha safari inayofuata inamlipa. Hapa kwetu kamera tuliyoibatiza Sofiya nayo hutoza, ni kweli, lakini haikuwekwa kwa ajili ya kutoza. Kampeni ya polisi ya Gerayo Amahoro, iliyoanza mwaka 2019, inamwomba kila mtu afike kwa amani, na neno "kila mtu" linamjumuisha mwenye mkungu wa ndizi.

Kuhusu Grand Theft Auto V, ya mwaka 2013, sitasema mengi. Mji wake wa Los Santos umechorwa kwa mfano wa Los Angeles, na vibao vyake vya kijani vinapendeza. Mlingoti ukiugonga unaanguka, nawe unaendelea na safari. Angalau mchezo huo haujidai kuwa chuo cha udereva.

Njoo basi kwenye mchezo ambao wengi wenu mnao simuni: Bus Simulator Indonesia, uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Maleo. Unamruhusu mchezaji kubadili sura ya basi, na vijana wa Tanzania na Kenya wameitumia nafasi hiyo kwa ustadi wa ajabu. Mabasi ya mikoani ya Tanzania yamo, matatu za Nairobi zimo, rangi na nembo zimechorwa hadi maandishi ya kioo cha nyuma. Nimeziona kazi hizo na nimezistaajabia. Kisha basi letu linatoka stendi, na liko wapi? Liko kisiwani Java, vibao vinaelekeza Jakarta na Surabaya. Waindonesia humwonya dereva kwa maneno hati-hati, yaani awe mwangalifu. Mswahili akiyasoma atadhani anaombwa hati, tena mara mbili, na anayewajua askari wa barabarani hatashangaa sana.

Uniruhusu nicheke hapo, kwa sababu linalofuata halichekeshi. Indonesia huendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Sisi Wanyarwanda, pamoja na majirani zetu wa Burundi na Kongo, tunaendesha kulia. Kwetu, ukisimama ukingoni kutaka kuvuka, gari la kwanza kukufikia hutoka mkono wako wa kushoto. Kwao hutoka wa kulia. Mtoto wa Kamembe anayecheza saa mbili kila jioni anayazoesha macho yake kutazama upande usio wake. Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam hubadili upande pale Rusumo, na anajua amebadili, kwa sababu mpaka unamlazimisha asimame. Wewe unavuka mpaka huo kitandani, bila kusimama, na asubuhi unatoka kwenda shule.

Najua utakavyojibu: "Mwalimu, ni mchezo tu." Vyema! Ukisema hivyo tumekubaliana, nami naifunga kalamu. Lakini huwezi kushika ncha zote mbili, useme ni halisi unapousifu na useme ni mchezo tu unapoulizwa maswali.

Lawama yangu, hata hivyo, siipeleki Prague wala Indonesia. Wale wameandika barabara zao, kama inavyowapasa. Naileta nyumbani. Tunao vijana wenye subira ya kuchora nembo ya kampuni ya basi hadi herufi ya mwisho, na mikono hiyo hiyo haijachora kibao kimoja cha Nyungwe. Tumeona fahari katika gari tukaisahau njia, ilhali gari ni la tajiri mmoja na njia ni ya wote. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kila siku watu wanavuka daraja la mto Rusizi kwenda na kurudi Bukavu wakizungumza lugha hii. Kama kuna mahali nchini ambapo dereva na mtembea kwa miguu wangeweza kuonywa kwa Kiswahili na wote wawili wakaelewa, ni hapa. Nani ataziandika sentensi hizo ikiwa wewe unayejifunza lugha unaridhika na vibao vya Surabaya?

Na kuna tofauti moja zaidi, ambayo kwa somo la uraia ndiyo kubwa kuliko zote. Katika mchezo kibao hakina aliyekiomba. Kimo kwa sababu mchoraji alikiweka. Hakifunikwi na majani, hakipindwi na lori, na hakuna mtu wa kulalamikiwa. Kibao cha kweli kina historia ya watu: wazazi walioona hatari, kiongozi aliyeandikiwa, fundi aliyechimba shimo la mlingoti. Kikianguka, raia ana haki ya kuuliza kitasimamishwa lini. Mahali ambapo hapana kibao, raia ana haki ya kudai kiwepo. Haki hizo hazimo katika mchezo wowote nilioutaja, na mchezaji aliyezizoea barabara zisizolalamikiwa hatakumbuka kwamba za kwake zinalalamikiwa.

Kwa hiyo, kazi yako ya wiki hii ni hii. Tembea kutoka Kamembe mjini ushuke hadi Cyangugu, kwenye mpaka wa Rusizi I, ukiwa na daftari. Tembea ukingoni, ukiyakabili magari yanayokujia. Andika kila kibao unachokiona, lugha yake, na kama kinaonekana au kimefunikwa. Kila alama ya picha igeuze kuwa sentensi moja ya Kiswahili katika nafsi ya pili umoja, isiyozidi maneno manne. Ukifika mahali watoto wanapovuka na hapana kibao wala mistari ya kivuko, simama, hesabu wanaovuka kwa dakika 15, uandike idadi. Idadi hiyo usiniletee mimi. Iandikie barua fupi kwa Katibu Mtendaji wa sekta, kwa Kinyarwanda upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na uisome kwa sauti katika mkutano wa baada ya umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Nakala ya barua, pamoja na sentensi zako, nitaisahihisha Jumatatu inayofuata.